Mwamba Ngoma wa Ninawi: Tashbihi ya Waashuri katika Masimulizi ya Bonde la Tana

Utangulizi

Miaka michache baada ya mauaji ya 2012 na 2013 katika Delta ya Tana, mwanafunzi wetu mmoja wa Fasihi Simulizi alikwenda Garsen kukusanya masimulizi ya wazee. Alirejea na rekodi mbili, na mwandishi wa makala haya alizisikiliza zote. Katika ya kwanza, mzee mkulima wa Kipokomo, Mkristo, anaeleza jinsi mifugo ilivyoingizwa mashambani, na anawafananisha wenye mifugo hiyo na Waashuri walioishukia Samaria na Yerusalemu. Katika ya pili, iliyorekodiwa ng'ambo ya mto, mzee mfugaji wa Kiorma, Mwislamu, anaeleza jinsi ng'ombe walivyokatwa mapanga wakielekea majini, na anawafananisha wakulima na Thamudi, watu waliomuua ngamia wa Nabii Saleh badala ya kumwachia zamu yake ya maji.

Mwanafunzi aliandika insha safi. Alizitambua tashbihi zote mbili, akaeleza kwamba zinaipa kauli uzito na mvuto, akatoa mifano mingine ya tamathali katika rekodi hizo, akapata alama saba kwa kumi. Aliyempa alama hizo ni mimi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba alama hizo hazikustahili, na kwamba kosa halikuwa la mwanafunzi. Ni kosa la uhakiki uliomfundisha kuitaja tamathali na kupita, kana kwamba tashbihi ni ushanga wa kupamba shingo ya usemi. Tashbihi inayomwita jirani Mwashuri si pambo. Ni hukumu iliyokwisha kukatwa, na katika bonde ambamo watu zaidi ya 100 waliuawa katika muda wa miezi michache, huko Riketa mwezi Agosti 2012, Chamwanamuma na Kilelengwani mwezi Septemba, na Kipao mwezi Desemba, mhakiki anayeipa hukumu hiyo alama za mvuto bila kuipima ameshiriki kuipitisha. Tunadai kwamba kazi ya kwanza ya mhakiki ni kuuliza kama tashbihi hiyo ni ya kweli. Na tunadai kwamba tashbihi ya Waashuri, ikichunguzwa kwa makini, humgeuka yule anayeitumia.

Je, Maandiko ni Mwiko kwa Mhakiki?

Kuna makundi mawili yatakayotupinga kabla hatujaanza. La kwanza ni la wacha Mungu, watakaosema kwamba visa vya mitume na wafalme wa Biblia au vya Kurani si uwanja wa wahakiki. La pili ni la wale waliolelewa katika nadharia za kiyakinifu, wanaoziona hekaya za dini kuwa kasumba tu, zisizostahili wino wa msomi. Makundi haya hayapatani kwa lolote, lakini matokeo ya misimamo yao ni mamoja: tashbihi inaachwa ipite bila ya kuulizwa inakotoka.

Kundi la kwanza limesahau historia ya fasihi yetu yenyewe. Washairi wa pwani hii walivisimulia upya visa vya Nabii Ayubu na Nabii Yusuf katika tendi, wakachagua la kurefusha na la kufupisha, na hawakuambiwa kwamba wamekufuru. Kuchagua ni kutafsiri, na kutafsiri ni mwanzo wa uhakiki. Kundi la pili nalo limesahau hadhira. Mkulima wa Ngao na mfugaji wa Garsen hawakumsoma Marx. Wamesikia habari za Ninawi na za Thamudi tangu utotoni, mmoja kanisani na mwingine chuoni. Mhakiki asiyejishughulisha na matini ambazo watu hufikiria kwazo anajihakikia mwenyewe.

Ifahamike pia kwamba Biblia haikuletwa katika bonde hili kwa ajili ya upande mmoja. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, shauku yake kubwa ilikuwa kuwafikia Waorma, ambao yeye na wenzake waliwaita Wagalla, jina la kupewa na wengine. Kituo cha Wamethodisti huko Golbanti kilifunguliwa miaka ya 1880 kwa ajili yao hasa, ilhali Wajerumani wa misheni ya Neukirchen walifanya kazi miongoni mwa Wapokomo wa Ngao. Kitabu ambacho leo humpa mtu fimbo ya kumpigia Mworma kilibebwa na watu waliokuwa wakimtafuta Mworma.

Vita Vimoja, Masimulizi Mawili

Tuanze na Waashuri wenyewe. Mwaka 701 K.K. Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliishambulia Yuda. Ni bahati adimu katika historia ya kale kwamba vita hivi vimesimuliwa na pande zote mbili, na masimulizi yote mawili tunayo. La Yuda limo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme na katika Isaya. La Ashuru limeandikwa juu ya nguzo fupi ya udongo yenye pande sita, iliyopatikana katika magofu ya Ninawi mwaka 1830 na ambayo sasa imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London.

Msomaji akiyaweka masimulizi haya bega kwa bega ataona ajabu. Yote mawili yanakubali kwamba Hezekia alitoa talanta 30 za dhahabu. Lakini Biblia inasema fedha ilikuwa talanta 300, na Senakeribu anasema 800. Senakeribu anajivunia kuteka miji 46 yenye ngome na kuwatoa humo watu 200,150, na anamlinganisha Hezekia na ndege aliyefungiwa tunduni. Lakini hasemi popote kwamba aliingia Yerusalemu. Biblia inasema malaika aliwaua askari 185,000 wa Ashuru kwa usiku mmoja, na Yerusalemu ikasalimika. Lakini mji wa Lakishi, ambao kuanguka kwake Senakeribu alikuchongesha juu ya kuta za kasri lake kwa mapana na marefu, pamoja na mateka wake na magari yao ya ng'ombe, unatajwa katika Kitabu cha Wafalme kama mahali tu ambapo mfalme wa Ashuru alikuwa amepiga kambi. Ashuru inaichora Lakishi na kuinyamazia Yerusalemu. Yuda inaisimulia Yerusalemu na kuipita Lakishi.

Wahenga walikwisha kulisema: mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Hatusemi kwamba mmoja ni mkweli na mwingine mwongo. Tunasema kwamba anayesoma upande mmoja tu hawezi kujua Lakishi iliwaumiza watu kiasi gani, wala kwa nini Yerusalemu ilibaki. Uhakiki huanzia pale masimulizi yanapokataa kulingana: kwenye zile talanta 500 za tofauti.

Turudi Garsen. Mzee wa kwanza katika rekodi zetu anasimulia kijiji kilichochomwa na halitaji zizi. Mzee wa pili anasimulia zizi na halitaji ghala la mpunga. Kila mmoja ana Lakishi yake anayoipita. Mwanafunzi aliyeisikiliza rekodi moja angekuwa na ushahidi. Aliyezisikiliza zote mbili alikuwa na kazi ya fasihi mkononi, na sisi hatukumfundisha kuiona. Ni kwa sababu hiyo pia kwamba makala haya yamevitaja vijiji vinne bila ya kupanga nani alianza. Neno "alianza" ndilo fundo la hadithi zote mbili, na kila msimulizi hulifunga mahali tofauti: huyu kwenye shamba lililolishwa mifugo, yule kwenye njia ya maji iliyozibwa kwa shamba.

Amiri Chini ya Ukuta

Katika simulizi hilo la Wafalme kuna tukio ambalo mwalimu wa Kiswahili hana udhuru wa kulipuuza. Amiri wa Ashuru anasimama chini ya ukuta wa Yerusalemu na kuwatisha watu kwa lugha yao wenyewe, Kiyahudi. Maafisa wa Hezekia wanamsihi aseme Kiaramu, lugha ya mawasiliano ya mataifa ya wakati ule, ili watu walioko ukutani wasielewe. Anakataa. Anataka hasa hao wa ukutani, watakaoteseka kwa njaa na kiu, wamsikie bila mkalimani.

Hapa msimulizi wa Yuda ametupa jambo ambalo pengine hakulikusudia: adui anaijua lugha ya mama ya jirani. Ameijua kwa kuishi naye, kwa kufanya naye biashara, kwa kuoana, kwa utumwa, au kwa njia zote hizi. Bonde la Tana lina ushahidi wa ujirani wa namna hiyo ulio mzito kuliko hotuba yoyote ya amani. Wailwana, wanaoitwa pia Wamalakote, husema lugha ya Kibantu iliyobadilishwa mno na Kiorma, kiasi kwamba wanaisimu wameiandikia vitabu kuwa mfano wa lugha iliyofinyangwa upya na mgusano. Wamunyoyaya, wanaoishi kando ya mto na kulima, husema lugha ya Kikushi. Lugha haibadiliki kwa kiasi hicho kwa sababu ya vita vya msimu mmoja. Hubadilika kwa vizazi vya watu kukaa pamoja, kunyonyeshwa na akina mama wa lugha mbili, na kukopana mbegu na maziwa.

Basi mwenye kuwaita majirani zake Waashuri hana budi kujibu: Mwashuri huyo aliijuaje lugha yako, nawe uliijuaje yake? Lugha ya Kiilwana ni simulizi la tatu, lisilo na msimulizi mmoja, na halivuti ngozi upande wowote.

Tashbihi Zinazomgeuka Msemaji

Sasa tuipime tashbihi kwa ukweli wake. Waashuri hawakuwa wafugaji wa kuhamahama. Walikuwa watu wa miji na mashamba kando ya mto Tigris, ambao Biblia ya Kiswahili huuita Hidekeli. Senakeribu huyo huyo alichimba mifereji ya maji kuelekea Ninawi na kujenga huko Jerwan daraja la mawe la kuyavusha maji hayo. Tukitafuta wafugaji katika Biblia, tutawapata upande wa pili: Ibrahimu na mahema yake, Yakobo na kondoo wake, Daudi aliyetolewa machungani. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia jinsi wana wa Yakobo walivyoingia Misri wakati wa njaa wakiomba malisho katika nchi ya Gosheni, upande wa delta ya Nile, na kinaeleza waziwazi kwamba Wamisri wakulima walimwona kila mchunga kondoo kuwa chukizo. Mkulima wa Delta ya Tana akiifuata Biblia yake kwa uaminifu, atamkuta Israeli kwenye malisho, na yeye mwenyewe atajikuta mahali pa Mmisri.

Tashbihi ya mzee mfugaji nayo haipati nafuu. Katika maandishi ya Sargoni wa Pili, baba yake Senakeribu, imo orodha ya makabila ya Arabuni aliyoyashinda yapata mwaka 715 K.K., na miongoni mwake wametajwa watu ambao wataalamu wengi wanawatambua kuwa ndio Thamudi. Sargoni anasema waliosalia aliwahamisha na kuwapa makao Samaria. Samaria! Mji ule ule ambao Ashuru iliuteka yapata mwaka 722 K.K., na ambao Sargoni anadai kuwatoa watu 27,290. Yaani Thamudi wa mzee mmoja na Samaria ya mzee mwingine zinakutana katika maandishi ya mfalme mmoja, zote mbili zikiwa upande wa walioshindwa. Wazee hawa wawili wamekwenda katika maktaba mbili tofauti kutafuta jina la adui, na kila mmoja amerudi na kipande cha mkasa mmoja: mkasa wa majirani waliosagwa na dola moja.

Na Waashuri wenyewe hawakwisha Ninawi ilipoanguka mwaka 612 K.K. Wako leo watu wa Iraki, Siria, Uturuki na Iran wanaojiita Waashuri, Wakristo, wanaosema lugha za jamii ya Kiaramu. Mwaka 1933 waliuawa huko Simele. Mwaka 2014 wengi wao walifukuzwa kutoka uwanda wa Ninawi wenyewe. Anayelitumia jina lao kama tusi mimbarani anawatukana Wakristo wenzake waliokimbia vijiji vilivyochomwa.

Ashuru ya Hola

Kama hatuna budi kuitafuta Ashuru katika bonde la Tana, tuitafute kwa alama yake halisi, yaani dola inayowahamisha watu kwa nguvu, ikawafanyisha kazi katika ardhi ya wengine, kisha ikaandika yenyewe habari za kilichotokea. Alama hiyo tunaijua. Serikali ya kikoloni iliwaleta Hola wafungwa wa vita vya Mau Mau kutoka nyanda za juu, wakachimbishwa mifereji ya unyunyizaji. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa na askari wa gereza hadi wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilivihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Hiyo ndiyo nguzo ya udongo ya Hola. Bahati njema yalikuwepo masimulizi ya pili, ya miili iliyochunguzwa na ya walionusurika, na bunge la Uingereza lililazimika kulijadili jambo hilo mwezi Julai mwaka huo huo.

Baada ya uhuru, mradi wa Bura uliwaleta walowezi kutoka wilaya nyingi za Kenya kuja kulima pamba, kama Samaria ilivyojazwa watu wa Babeli, Kutha na Hamathi. Mabwawa yakajengwa juu ya mto, Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, ili kuzalisha umeme wa miji ya mbali, na mafuriko ambayo mkulima wa mpunga na mwenye malisho wote walikuwa wakiyategemea yakapungua.

Hapa tutashutumiwa kwamba tumekimbilia kichaka cha kawaida, cha kumlaumu mkoloni na serikali kwa kila panga lililoinuliwa. Shutuma hiyo ina uzito, nasi hatuikwepi. Waliouawa Riketa na Kipao hawakuuawa na bwawa. Waliuawa na watu wenye mikono, na baadhi yao waliyajua majina ya waliowaua. Hakuna nadharia ya dola inayomwondolea mtu huyo lawama. Tunachosema ni kwamba panga hutanguliwa na jina. Kabla ya mtoto wa jirani kuuawa, sharti kwanza aache kuwa mtoto wa jirani, awe Mwashuri au Mthamudi. Na kazi hiyo ya kubadilisha majina ni kazi ya lugha, yaani ni eneo letu sisi, si la polisi.

Yona, Yunus na Mifugo ya Ninawi

Mtu anaweza kuuliza: je, tuwanyang'anye wazee hawa hadithi zao? La. Tuwarudishie ukamilifu wake. Biblia yenyewe haikubali kuisoma Ashuru kama jina la tusi tu. Nahumu anashangilia kuanguka kwa Ninawi, kweli. Lakini Isaya, ambaye aliiona Ashuru kuwa chombo cha ghadhabu ya Mungu, ndiye pia anayeona siku ambayo njia kuu itatoka Misri hadi Ashuru, watu wapitiane, na Israeli awe wa tatu katika baraka moja pamoja nao. Mkaazi wa Garsen ana neno la njia ya namna hiyo. Malka ni njia ya mifugo ya kushukia mtoni kati ya mashamba, iliyoachwa wazi kwa makubaliano ya wazee, Gasa ya Wapokomo na wenzao wa Kiorma. Nabii aliyeota amani kati ya dola na majirani zake aliiota kwa umbo la njia isiyozibwa.

Juu ya hayo kuna kisa cha Yona. Nabii anatumwa Ninawi, mji mkuu wa adui, naye anakimbia kwa sababu anachelea kwamba watu hao watatubu na kusamehewa. Wanatubu. Yeye anakasirika, na kitabu kinafungwa kwa swali la Mungu kuhusu huruma: je, asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi pia? Kati ya maneno yote ambayo mwandishi angeweza kumalizia, alichagua mifugo. Hatujasikia bado hotuba ya Garsen iliyoanzia hapo.

Kisa hiki si cha kanisa peke yake. Kurani nayo inasimulia habari za Nabii Yunus, na kaumu yake imetajwa kuwa ya pekee miongoni mwa miji kwa kuwa iliamini, nayo ikaondolewa adhabu. Wapokomo wa juu ya mto, ambao wengi ni Waislamu, Wapokomo wa Ngao ambao wengi ni Wakristo, Waorma na Wardei, wote wana mtu wa Ninawi katika hazina yao, na katika hazina zote hizo mtu huyo amesamehewa.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu kwa idara zetu. Kwanza, pasiwe na insha ya Fasihi Simulizi kuhusu mgogoro inayopokelewa ikiwa na rekodi za upande mmoja tu. Pili, mwanafunzi anayeitaja tashbihi au sitiari inayomhusu jirani atakiwe kueleza imetoka katika matini gani, matini hiyo inasema nini kwa ukamilifu, na nani anafaidika kwa kipande kilichokatwa. Tatu, visa vya dini vifundishwe darasani kama matini zenye sauti nyingi, na mwalimu asiogope paroko wala shehe, wala mwenzake wa nadharia.

Mwanafunzi tuliyemtaja alikwisha kuhitimu, na alama zake haziwezi kubadilishwa. Rekodi zake bado ziko. Mwaka huu tumeziweka zote mbili mbele ya darasa, pamoja na kisa cha Yona, tukawaomba wanafunzi waandike ni nani katika rekodi hizo anayesimama mahali pa nabii aliyekasirika kwa sababu adui yake amesamehewa. Wengi walijaza kurasa kuhusu mzee wa ng'ambo. Wawili tu walimwandika mzee wa upande wao.

Hao wawili ndio tuliowapa alama.